Chetezo Chini ya Meza

Mimi nina kinyaa. Nasema mapema asije mtu akadhani kazi ya ufundi wa kompyuta imenitoa kinyaa. Nimefungua makasha mengi pale Ukunda, ya maduka, ya shule, ya hoteli za Diani ambazo mbele zanukia maua na nyuma zina panya, na kila nikishika bisibisi huziba pua kwanza kwa ncha ya leso. Wateja hucheka. Wacheke. Wao hawajamkuta mjusi aliyekaukia juu ya feni, mdomo wazi.

Lakini kasha lililonitapisha, kutapika kwa kweli, uani, nimeushika mpapai, lilikuwa la mama mdogo wangu wa Msambweni. Na yeye ndiye aliyenifundisha kinyaa.

Ni mdogo wake mama, na nimekulia mkononi mwake kama nilivyokulia mkononi mwa mamangu. Kabla ya presha ya macho kumpofusha, alikuwa haoni haya kumtazama mpishi kucha zake kabla ya kukubali sahani. Bilauri iliyooshwa na mtu mwingine aliiosha tena. Niliwahi kujikuna kichwa karibu na sinia, nikaondoshwa kwenye chakula mbele ya wageni, na sikuthubutu kulia. Nguo zake zilikuwa zimefukizwa udi hata zile za kulalia. Alifanya kazi miaka mingi kwenye vila moja ya Diani, akisimamia usafi, na wasichana wa pale walikuwa wakimwogopa kuliko walivyomwogopa mwenye vila.

Alipopofuka, mwenye vila, ambaye huishi ng'ambo, hakumwacha. Alimnunulia kompyuta inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa, ikawekwa chumbani kwake Msambweni, akapewa kazi ya kuwajibu wageni wanaotaka nafasi. Alizijua herufi kwa vidole upesi kuliko nilivyotarajia. Akawa anacheka peke yake na barua za wageni, ananisimulia kwa simu nani anakuja na mbwa na nani anaogopa buibui. Alikuwa na watu tena.

Baadaye watu wengine wote aliwaacha. Harusi haendi. Matanga haendi. Jirani akija kumjulia hali, anajibiwa mlangoni. Sisi jamaa tulikuwa tukisema upofu umemtia unyonge, na wengine wakasema umemtia kiburi, na hakuna aliyemuuliza. Alibaki na ile kompyuta tu. Kwa hivyo ilipokufa, sikuichukulia kama kompyuta ya mteja.

Aliyenipigia ni wifi yangu, mke wa mwanawe, anayeishi naye nyumba moja. "Dada, njoo. Kompyuta ya mama imezima, haitoi hata pumzi. Na msimamizi wa vila amekuja hapa, amesema ikifika Ijumaa haijawaka, kazi inahamia Diani kwa jamaa yake." Kisha akapunguza sauti. "Amesema apewe mtu mwenye macho. Amesema hivyo mbele ya mama."

Niliyaona matusi hayo yakinipanda kifuani. Nikafunga banda langu, nikachukua mkoba wa vifaa, nikaenda.

Nilipofika alikuwa amekaa kitandani, amejitanda vizuri, uso umegeukia dirishani.

"Shikamoo mamangu."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kaa hapo kwenye kiti cha mlangoni, hapo pana upepo."

Nilitaka kwenda kumbusu mkono, akaurudisha ndani ya leso. Nikakaa nilikoambiwa. Chumba kilikuwa kimejaa udi mzito hadi macho yakaniwasha. Mimi napenda udi, lakini ule ulikuwa umezidi, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya mafuta yaliyochacha na kitu kilichooza. Nikameza mate. Wifi alikuwa amesimama karibu nami, na nilipomtazama akainamisha macho.

Kompyuta ilikuwa chini ya meza. Kasha lake limevikwa kitambaa cha kufuma kwa uzi wa nailoni, cheupe chenye maua ya waridi, kama zinavyovikwa redio na televisheni katika nyumba nyingi zetu, kimefunika matundu yote ya hewa isipokuwa ya mbele. Na mbele ya matundu hayo, sakafuni, palikuwa na chetezo, makaa yake bado yanafuka. Feni ilikuwa ikivuta moshi wa udi ndani ya kasha mchana kutwa.

Nilianza na mambo mepesi. Soketi ilikuwa na umeme. Nilichomeka taa ikawaka. Waya ulikuwa mzima. Nikabonyeza kitufe: hakuna feni, hakuna kitaa. Fundi mvivu hapo husema mazabodi imekufa. Mazabodi ni ule ubao mkubwa ambao kila kitu ndani ya kompyuta hushikana nao, na mimi huilaumu mwisho, baada ya kuvimaliza vingine vyote. Nikachomoa waya, nikalibeba kasha hadi uani kwenye mwanga, nikafungua ubavu wake.

Mende walimwagika. Wale wadogo wa hudhurungi, wengi, wakanipanda mikononi, wakaingia kwenye mikono ya nguo yangu. Nilipiga ukelele. Nilipolisogelea tena nikaona walioachwa nyuma: maganda, mbawa, mayai, kinyesi cheusi kimesambaa kila mahali. Mijusi wawili walikuwa wamekufa pembeni mwa sanduku la umeme, mmoja mkavu, mwingine hajakauka, ngozi yake imegandamana na ubao. Na juu ya yote, utando wa rangi ya kahawa uliotokana na moshi wa udi, umeshikana na vumbi na unyevu wa bahari, unanata kidoleni kama halua. Hapo ndipo nilipoukimbilia mpapai. Halua sijaila tangu siku hiyo.

Wifi aliniletea maji. Nikasukutua, nikamuuliza, "Mlikuwa hamuoni?"

"Tulikuwa twaona, dada. Usiku walikuwa wakitoka."

"Na hamkufungua?"

"Tuliambiwa tusiguse. Msimamizi siku aliyoileta alitukataza kabisa. Alisema mwili wa mtu una umeme, ukiligusa kasha tu linakufa. Hata kulipangusa nje niliogopa. Ndiyo nikalifumia kitambaa."

Nilitamani kucheka na sikuweza. Umeme anaousema upo. Ni umeme tuli, ule usiopita kwenye waya bali hukusanyika mwilini, ukijisugua na nguo za nailoni au zulia, kisha ukaruka kwenye kitu cha kwanza unachokigusa. Unaweza kuua kifaa na wewe usihisi chochote. Lakini kasha la chuma limetengenezwa kuvilinda vilivyo ndani. Lipanguse, likumbatie ukitaka, halitakufa. Hatari ni ukishalifungua ukashika vya ndani. Yule bwana alikuwa ameokota nusu ya maneno mahali, akawatisha nayo wanawake wawili ndani ya nyumba yao, akaenda zake. Watu wa namna hii wananichukiza kuliko mende. Mende angalau hajidai kujua.

"Na mama, mlimwambia?"

Wifi alizidi kushusha sauti. "Utamwambiaje mtu mzima kama yeye kwamba chumba chake kina mende? Wewe wamjua alivyo. Tulimsitiri."

Nikavua buibui langu, ambalo ni la kitambaa cha kuteleza kinachozaa umeme tuli, nikabaki na dera la pamba, nikavua viatu, nikakaa sakafuni ukumbini, kwenye saruji tupu. Waya wa kasha nikauchomeka kwenye soketi ukutani, swichi ikiwa imezimwa, ili chuma cha kasha kiungane na ardhi, na kila kabla ya kushika kitu nikawa nakigusa kwanza hicho chuma. Nyanya zetu walikuwa wakitembea pekupeku kwenye sakafu ya udongo na pamba mwilini, na wangekuwa mafundi wazuri sana wa kompyuta kama zingekuwapo.

Nikaitoa pawasaplai, lile sanduku dogo linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Nikaipima peke yake: ukiunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, feni yake yatakiwa kuzunguka. Ikazunguka, na ikanitemea mbawa za mende usoni. Nilipangusa uso nikajikaza. Nikajaribu kitufe cha kuwashia, kilikuwa kizima. Nikaivua mazabodi kila kitu kisichokuwa cha lazima, hata vijiti vya kumbukumbu, vile vibao vyembamba vya RAM, nikaiwasha hivyo. Mazabodi iliyo hai ikikosa kumbukumbu hulia, hulalamika. Hii haikutoa sauti. Nikatoa betri yake ya duara, nikangoja, nikairudisha. Kimya vilevile.

Basi nikaisugua kwa spiriti na mswaki, tundu kwa tundu, nikiuondoa ule utando na vilivyonaswa ndani yake, sitavitaja tena. Nikaianika kivulini penye upepo. Ilipokauka niliona ukweli. Chini ya utando, njia za shaba zilizo nyembamba kuliko uzi zilikuwa zimeliwa, zimegeuka kijani, kwingine zimekatika kabisa. Kinyesi cha mende na chumvi ya hewa vilikuwa na muda mrefu wa kufanya kazi, na moshi ulikuwa umevishikisha hapo visikauke. Ilikuwa imekufa kweli. Diski na sauti yake ya kusoma vilikuwa salama, lakini bila ubao havikuwa na faida.

Nilirudi chumbani kumweleza. Nilimwambia mazabodi imeoza. Hakuuliza imeozaje. Alisema, "Ijumaa ni kesho kutwa," kisha akasema vila iliwahi kununua kompyuta mbili za aina moja, na ile nyingine kasha lake lililiwa na kutu, wakalitupa, wakabakiza viungo vyake ofisini. Akampigia mwenye vila hapohapo, akazungumza naye kwa heshima na kwa kifupi, akapewa ruhusa. Sauti yake ilikuwa thabiti, lakini vidole vilikuwa vikisokota pindo la leso bila kukoma.

Kesho yake nikawa kwa msimamizi. Ofisi yake iko nyuma ya vila, ina zulia la nailoni ukuta hadi ukuta, na kiyoyozi kinanguruma tangu asubuhi hadi usiku. Nilimkuta anakula kuku kwa vidole juu ya kibodi. Alikuwa amevaa shati la sare linalometameta. Hakunyanyuka.

"Madam, si mngenunua ingine tu? Hii kitu ya zamani ni kupoteza time. Na ukweli usemwe, huyo mama amechoka. Kazi ya computer ni ya mtu anaona."

Nilimwambia mwenye vila ametoa ruhusa. Akanionyesha kwa kidevu rafu iliyokuwa pembeni. Mazabodi ilikuwa ndani ya boksi lake, kavu, safi, na vijiti vyake viwili vya kumbukumbu. Nilitoka nayo nje barazani, kwenye sakafu ya mawe, nikavua viatu, nikaiunganisha na pawasaplai yangu ya majaribio na kioo kidogo cha kompyuta nitembeacho nacho. Ikawaka mara ya kwanza. Ikavihesabu vijiti vyote viwili, vizima. Nilihema kwa furaha. Nikaizima, nikavichomoa vijiti, nikaitia mazabodi kwenye mfuko wake wa rangi ya fedha, ule unaozuia umeme tuli usiifikie.

Yeye akatoka kuja kutazama. Alilikata lile zulia akiburuta viatu vyake, akafika, na kabla sijasema lolote akakiokota kijiti kimoja kutoka kwenye leso niliyokitandikia. Akakishika palepale kwenye meno yake ya dhahabu, yanayochomekwa kwenye ubao, kwa vidole vya kuku. Nilisikia kale kasauti, tak, akashtuka kidogo akakiachia.

"Usishike!" nilimpigia kelele.

"Ai, madam, relax. Hizo mambo za static ni theory. Huku coast ni joto, static itatoka wapi?"

"Si wewe uliyewakataza kina mama wasiliguse hata kasha?"

"Hiyo niliwaambia tu ndio wasichezeechezee." Akalamba kidole gumba.

Naam, akakilamba. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na unyevu huumeza umeme huo. Hilo ni kweli. Lakini ndani ya ofisi yake hapakuwa pwani. Kiyoyozi kilikuwa kimeikausha hewa, zulia na shati vikafanya yaliyobaki, naye akaja kuutua umeme huo kwenye kijiti cha kumbukumbu cha mama yangu. Nilikijaribu tena palepale. Mazabodi ikalia, ikalia, ikalia. Nikaweka kile kingine, ikawaka. Nikakifuta mafuta kile kilichokufa, nikakijaribu tena, ikalia. Yeye alisema huenda kilikuwa kibovu tangu zamani. Sikutaka kubishana na mtu mwenye mfupa wa kuku mdomoni. Nilikusanya vyangu nikaondoka, na ndani ya tuktuk nilikuwa nimeukumbatia mkoba kwa mikono miwili.

Msambweni nilimaliza kazi Alhamisi hiyo hiyo. Kasha nililiosha kwa maji ya moto na sabuni hadi nikaridhika, na mimi si mwepesi wa kuridhika. Nikaziba nafasi za kuingilia kwa wavu mwembamba. Nikafunga mazabodi, kijiti kimoja kilichobaki, diski ya zamani. Nikaliweka kasha juu ya meza, mbali na sakafu, kitambaa cha kufuma nikampa wifi akakifunike kitu kingine. Mama mdogo alikuwa kitandani. Nikabonyeza kitufe.

Ilichukua muda, maana kumbukumbu ilikuwa imepungua nusu. Kisha ile sauti ikasema jina la siku na saa, na kwamba kuna barua ambazo hazijasomwa. Mama mdogo alifunika mdomo. Akaja mezani akipapasa, akakaa, akaandika barua kwa mwenye vila na nyingine kwa msimamizi, kwamba kazi inaendelea. Nilimwona akitabasamu alipofika kwenye hiyo ya pili. Nikafurahi kuliko yeye.

Alipomaliza aliuliza, bila kugeuka, "Ulikuta nini ndani?"

Wifi alikuwa mlangoni. Alinikazia macho, akatikisa kichwa: msitiri. Na mimi nilitaka kumtii, kwa sababu nilimjua mama mdogo, nilikumbuka bilauri na kucha na sinia. Lakini nilikuwa nimeshiba uchafu siku hizo, wa kila aina, na huu wa kunyamaza nao niliuona ni uchafu.

"Mende, mama. Na mijusi waliooza."

"Wengi?"

"Wengi sana."

"Ndio waliokuwa wakinuka?"

"Ndio wao."

Mikono yake ilikuwa bado kwenye kibodi, na nikaona kwa mara ya kwanza ngozi yake ilivyokuwa, imechubuka, imepasuka hadi viwikoni, ngozi ya mtu anayejisugua kwa dodoki kama anasugua sufuria.

"Kwa hivyo si mimi," alisema.

Sikuelewa. Akageuka, akaanza kueleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia. Alikuwa akiisikia ile harufu muda mrefu. Alimuuliza mkwewe kama chumba chanuka, akaambiwa hapana mama, chumba chanukia. Alimuuliza mwanawe, akaambiwa vivyo hivyo. "Basi kama si chumba, ni nani? Asiyeona hajui kama amejisafisha kweli. Nikajua ni mimi. Nikawa naoga na kuoga, haitoki. Nikaweka chetezo miguuni pangu nikikaa kufanya kazi, haitoki. Ningeendaje harusini kwa watu nanuka hivyo? Ningekukalishaje karibu yangu?"

Wifi aliketi chini palepale kizingitini, akajifunika uso. Alikuwa amempenda, hilo nalijua, na nilimchukia kwa dakika ile hata hivyo. Nilimkumbuka mama mdogo akiniambia kaa kwenye kiti cha mlangoni, na mkono wake ukirudi ndani ya leso.

"Si wewe, mamangu. Haikuwa wewe hata siku moja."

Alilia kidogo, bila sauti, akajipangusa kwa pindo la leso. Kisha akanyoosha mkono hewani.

"Sogea."

Nilisogea. Alinishika kichwa, akakivuta kwake, akaninusa utosini kama alivyokuwa akininusa nikiwa mtoto. Akanisukuma nyuma, pua ameikunja.

"Wewe ndiye unayenuka. Wanuka mende na mjusi mfu. Nenda kaoge, ujisugue kweli, ukucha kwa ukucha." Akapapasa kitanda ubavuni mwake, akatandaza shuka kwa kiganja. "Kisha uje ukae hapa."